Jumanne Mbili

Tulikuwa kumi na wanne sebuleni kwa Truphosa, Mbale,
mvua ya saa tisa ikianza kupiga mabati,
nami katibu nikipaza sauti kuishinda:
ajenda ya tatu. Rarotonga.

Msicheke. Tulishanunuliana sufuria,
tukanunuliana matangi, tukazika watu wetu vizuri.
Mwaka jana kila boma lilipata ng'ombe wa maziwa,
ila la Beldina, ambaye wake alikufa kwa kupe
akafidiwa kuku.
Ndipo Minayo akaleta ramani aliyoibandua
ukutani mwa shule siku aliyostaafu,
akaweka kidole pale pasipo na kitu:
buluu, buluu, kisha kitone kama kinyesi cha nzi.
"Hapa," akasema. "Hapa hatudaiwi na mtu."

Basi tukapanga.
Kisumu hadi Nairobi, Nairobi hadi Doha,
Doha hadi Auckland, safari ndefu
kuliko uchungu wa mtoto wa kwanza.
Truphosa akauliza kama ndegeni mtu huruhusiwa kuvua viatu.
Miguu yake huvimba hata kanisani.

Barabara ya kisiwa ni moja, inazunguka,
kilomita thelathini na mbili na umerudi ulipoanzia.
"Kama hapa hadi Kisumu," Beldina akapima, "na chenji inabaki."
Mabasi yake ni mawili:
moja hufuata mwendo wa saa, jingine huukataa.

Na chakula?
Nduma, akasoma Minayo. Viazi vitamu. Ndizi. Muhogo.
Huokwa shimoni juu ya mawe ya moto.
Kimya.
"Laki nne," akasema Truphosa, "nikale nduma?"
Tulicheka hadi mjukuu aliyelala chumba cha pili akaamka akilia.
Mimi nilikuwa nawaza nduma za mama
kando ya mto Edzava, majani yake yakikataa kulowa,
nikajiuliza zilifikaje huko
bila pasipoti.

Hesabu. Mia tano kila mtu kwa mwezi,
wasafiri wawili kwa kura:
miaka tisa na nusu.
Minayo ana sabini na mmoja.
Tukapandisha ikawa elfu moja.
(Mume wa Beldina asiambiwe.)

Halafu ikaja habari ya siku.
Minayo alichukua chungwa, akalichora kwa kalamu yangu:
kuna mstari baharini, hauonekani kwa macho.
Ukiondoka Auckland Jumatano asubuhi
unashuka Rarotonga Jumanne alasiri,
Jumanne ileile uliyoimaliza jana.
Mmoja akasema huo ni ushirikina.
Mwingine akataka kujua kibarua cha siku hiyo
kitalipwa na nani.

Doriska, ambaye tangu Machi hasemi mkutanoni
ila "nipo" jina lake likisomwa,
akainua kichwa.
"Jumanne gani?"
"Hiyo ya safari," akajibu Minayo.
"Mtu hawezi kuchagua?"

Shimo la dhahabu lilimfunika Kegode wake Jumanne,
saa nne asubuhi.
Alikuwa ameuacha uji mezani,
akasema atakunywa akirudi.

Hakuna aliyejibu. Mvua ilijibu, lakini mvua hujibu kila kitu.
Minayo akalimenya lile chungwa polepole,
ganda lenye mstari wa wino likaning'inia, refu, likaanguka,
naye akampa Doriska nusu, akala nusu.

Nimeandika hivi: ajenda ya tatu imepita.
Sikuandika swali.
Wa kwanza kuchanga alikuwa Doriska, shilingi elfu mbili:
moja ya mwezi huu,
na moja ya mwezi uliopita,
ambao hatukuwa tumeanza.
Truphosa ameishika noti ya pili,
anapekua daftari kurudi nyuma,
anatafuta pa kuiandika.