Gego la Tauno

Oulu, saa tisa mchana, jua limeshazama.
Ijumaa ile nilichoka, Tauno:
nikajaza utomvu wote kwa mkupuo mmoja,
nikawasha taa ya buluu.
Ukaganda ukijikunja,
ukajibandua kwenye ukuta wa jino
upana wa unywele, pengine haufiki.

Leo unasema ukivuta baridi ya mlangoni
gego linakuchoma sindano.
Si baridi. Ni haraka yangu.

Haya, achama.
Nakwangua, napaka gundi, napuliza.
Tabaka la kwanza mshazari, jembamba kama utando wa maziwa;
taa; nangoja.
La pili liegemee upande wa pili.
Taa. Nangoja.

Nje Sirkka anapiga honi.
Mwache apige.
Kuziba ufa si kazi;
kazi ni kuziba
usizaliwe mwingine.