Kumi na Moja

Jokofu halikuwa langu. Lilikuwa la Apondi,
muuza maziwa wa chumba cha chini, pale Migosi.
Sindano zangu zililala kati ya mala na nyanya,
ndani ya mkebe wa biskuti niliofunga kwa raba.
Nilimwambia ni dawa ya pumu. Hakuniuliza zaidi.
Kila jioni, saa mbili kasoro, nilishuka kuichukua,
nikabana ngozi ya tumbo, nikahesabu hadi kumi,
na mwanangu Kegode, mlangoni, akauliza
mbona najidunga kama mtu anayejishona.

Kliniki iko Milimani, pale barabara inaponyamaza.
Daktari alinionyesha kwenye skrini:
viduara vyeusi, vimesongamana
kama mbegu ndani ya pera lililokatwa.
Nilitia sahihi karatasi nne.
Hutawajua. Hawatakujua. Hutadai. Hutadaiwa.
Nikauliza: na akitoka na mwanya kama wangu?
Muuguzi akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Mtasema ni pesa. Ndiyo, bahasha ilikuwapo:
nauli, chakula, siku nilizofunga kibanda Kibuye.
Sitadanganya, ililipa kodi, ikanunua viatu vya Kegode.
Lakini aliyenisukuma ni shangazi Kadenyi,
aliyerudishwa Mbale na godoro juu ya mkokoteni
baada ya miaka tisa ya ndoa.
Walimwita tasa usoni pake, kama jina la ubatizo.
Alilala chumba chetu. Usiku nilimsikia
akikunja na kukunjua kitu kidogo:
kofia ya sufu, ya manjano, aliyoifuma mwenyewe.

Bibi Muhonja alikuwa na kuku wa mbegu nzuri.
Jirani akitaka mayai ya kuatamiwa,
bibi alimpangia kwenye kibuyu cha wimbi, yasigongane,
akamsindikiza hadi kwenye ua, akarudi kupalilia.
Vifaranga vikiangua, hakwenda kuvihesabu.

Lakini mimi si kuku, na hapa ndipo ninapokwama.
Kwetu Maragoli wafu huja kudai majina.
Bibi ametutoka mwaka juzi, bado hajaitwa na mtu.
Itakuwaje akimfuata mtoto asiyejua njia ya kwetu,
akapiga hodi Eldoret, au Busia, au ng'ambo,
na mtoto alie, alie usiku kucha
mpaka aitwe jina lake,
na mle ndani hakuna anayelijua?

Waliponilaza, nilikuwa bado nahesabu.
Nikaamka kinywa kikavu.
"Kumi na moja," muuguzi akasema,
kama anayesoma matokeo ya mtihani.
Upande wa pili wa pazia mwanamke alikohoa.
Labda ndiye. Labda alikuwa mfagiaji.
Niliona viatu tu: vya buluu, kisigino kimelika upande mmoja,
viatu vya mtu aliyezunguka kliniki nyingi.
Nilitaka kumwambia neno.
Kinywa kikasema: maji.

Nimerudi kibandani. Tumbo bado limejaa, nakaa kiupande.
Nashona sare ya mtoto wa darasa la kwanza.
Simjui. Ninacho kikaratasi tu:
bega, kifua, urefu.
Namwongezea upindo mpana kwa chini,
kwa sababu atakua, na mwenye kuufumua
atakuwa mtu mwingine, na uzi mwingine.

Jana nilimpelekea muuguzi barua ya mistari mitatu.
Alisema ataiweka kwenye faili, hakuahidi zaidi.
Nimeandika:
*Akilia sana na hana homa,
mwiteni Muhonja, hata akiwa mvulana. Mara moja tu.
Halafu mwiteni mnavyotaka.*