Makopo ya Njegere

Kampuni ilikuja na tai shingoni,
ikalitazama bonde, ikaandika bei:
waya kutoka zahanati hadi shuleni,
nguzo ishirini na sita, vibali, kodi.
Tukipiga hesabu, ni ng'ombe wote wa kijiji
pamoja na ndama walio bado tumboni.
Hrayr, mwalimu wa hesabu, akaikunja ile karatasi,
akaitia chini ya mguu wa meza yangu iliyoyumba.
Meza ikatulia.
Hiyo ndiyo faida tuliyopata kwa kampuni.

Katika milima hii ya Armenia
jicho hutangulia, mguu hufuata kesho.
Dirishani kwangu zahanati naiona shule,
naona hata nani kachelewa;
lakini kwenda ni kilomita kumi na tisa,
ushuke mtoni, uvuke, upande tena,
na Februari barabara hujifunga
kama mdomo wa mtu aliyenuna.
Kwa mstari wa jicho ni tatu na ushee.
"Basi," akasema Hrayr, "tupite linapopita jicho."

Akakusanya madishi mawili yenye kutu
yaliyowahi kunasa tamthilia za Moscow,
ruta mbili za mtumba kutoka Vanadzor,
kwa bei isiyofika jozi ya viatu,
na makopo mawili ya njegere.
Njegere zenyewe tulizila siku tatu;
binti yake Nvard ameapa hazigusi tena.
Ndani ya kila kopo, kijiti cha shaba:
milimita thelathini na moja.
"Kikizidi, kopo linakuwa kiziwi."
Akakata, akapima, akakata.
Mimi nimechoma watu sindano miaka ishirini na miwili,
sijaona mkono ukitetemeka vile
mbele ya kopo.

Siku ya kulenga, yeye juu ya paa la shule na kioo cha kunyolea,
mimi juu ya paa la zahanati na koti la marehemu baba,
nangoja mmweko.
Ukaja, ukanichapa machoni.
Nikaligeuza dishi taratibu,
kama unavyougeuza uso wa mtoto umfute kamasi.
Kidogo tena.
Nvard, kwenye simu: "Mistari miwili! Mitatu! Zaruhi, usipumue!"

Sikupumua.

Ujumbe wa kwanza kuvuka bonde haukuwa wa kihistoria:
*Umezima jiko?*
Sikuwa nimezima.

Majira yale ya baridi nilikagua koo kumi na moja kwa kamera,
nikamwambia mwalimu yupi ana tonsili
na yupi ana mtihani.

Aprili mwishoni, kimya.
Tukaushuku upepo, tukaishuku ruta, tukamshuku fahali wa jirani.
Nvard ndiye aliyepanda akaona:
chini kidogo ya shule, mti wa aprikoti wa Shoghik,
ambao wakati wa theluji ulikuwa fito tupu,
sasa umevaa majani.
"Jani ni maji yaliyosimama," akasema Hrayr,
"na maji hunywa kila tunachotuma."

Wanaume wakaja na msumeno.
Shoghik akatoka na upawa, supu bado inachuruzika.
Hakupaza sauti.
"Huu aliupanda mume wangu mwaka wa tetemeko,
wakati hatukuwa hata na ukuta wa kuuegemea.
Nyinyi mna makopo. Yapandisheni."

Msumeno ukarudi nyumbani umeufyata.

Tukaunga bomba la jiko kuukuu, mita moja na nusu,
mtandao ukarejea, mwanzoni ukichechemea.
Tangu hapo kila Mei mti huongeza, nasi tunaongeza,
na Hrayr huchora chaki ukutani, mstari na mwaka,
kama mama apimaye watoto mlangoni.
Mistari imefika sita.
Nani anakua, hajaandika.

Julai, Shoghik huniletea ndoo ya aprikoti.
Hizo hazipiti hewani:
hushuka mtoni, huvuka, hupanda,
kilomita kumi na tisa kwenye gari la maziwa,
na za chini hufika zimepondeka.
Naanza na hizo.