Stadi

Aprili, mjini Raahe. Theluji imebaki uchafu tu
kwenye kivuli cha banda,
na kila ua una mtu aliyepiga magoti kando ya gari
akivua matairi ya barafu.
Mimi nilivua matatu.
La nne likagoma, nati ya tatu.
Nikaegemea spana kwa kilo zangu zote sitini na saba,
ikalia kama bawaba ya ghala,
kisha ikanyamaza, ikalegea ghafla,
nikakalia tope
nimeshika spana, ndani ya spana nati,
ndani ya nati kipande cha stadi,
king'aavu pale kilipokatika
kama jino la mtoto.

Baba aliona. Yuko dirishani, jikoni,
wiki ya tano tangu wampasue kifua.
Ameandikiwa asiinue kitu
kinachozidi pakiti mbili za maziwa.
Taisto, miaka thelathini na minne kiwanda cha chuma:
stadi wa nyumba hii.
Na stadi aliyoikaza yeye.

Maana kila Oktoba huchomeka bomba la maji
kwenye mkono wa spana, urefu wa mita nzima,
akavuta mpaka mshipa wa shingo usimame.
"Bora ikaze kuliko itoke."
Kamba hukatikia pembamba.
Chuma, nimeona leo, hukatikia palipokazwa.
Sikusema. Naye hakusema.
Kulikuwa na kioo katikati.

Nikaenda dukani kwa baiskeli.
"Stadi moja?" akauliza kijana wa vipuri.
"Nunua mbili, Sirkku. Namjua baba yako."

Kalipa nikaifungua, nikaitundika kwa waya
isining'inie kwa mpira wake wa breki.
Diski ilikuwa imeshikana na habu kwa kutu
kama wagomvi wa miaka mingi;
nikaigonga huku, nikaigonga kule,
ikatoka na vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye meno.
Kisha nyundo, kwenye kisiki cha stadi.
Pigo la kwanza, hakuna kitu.
La nne, kidole changu.
La tisa, tup! ikadondoka kwa nyuma,
nyepesi kuliko lawama.

Dirishani, Baba anazungusha mkono hewani:
zungusha habu, tafuta pengo.
Nilikuwa nimeshalitafuta.
Nikazungusha tena, ili aone nimemtii.

Stadi mpya ikapenya kutokea nyuma.
Washa nne nilizozipaka grisi, na nati iliyogeuzwa,
nikaivuta polepole,
robo kwa robo, meno yake yakilitafuna tundu,
mpaka kichwa kikakaa, kikawa kimoja na habu.
Hakuna aliyeshangilia.
Kunguru mmoja juu ya banda aliondoka.

Diski, kalipa, tairi la kiangazi.
Nati tano kwa mtindo wa nyota,
na spana ya kipimo niliyoazima kwa Kauppinen:
mia moja na tatu, kak.
Mia moja na tatu, kak.
Kila kak, Baba anakunja uso
kama mtu anayepunjwa kwenye mizani.

Usiku nikasikia mlango wa nyuma.
Nikabaki kitandani nikisubiri
mlio wa bomba likiingia kwenye spana.
Nilihesabu mpaka mia mbili. Mlango ukarudi.

Asubuhi bomba lilikuwa pale pale, limelala na utando wa buibui.
Lakini kwenye kila nati, magurudumu yote manne,
kulikuwa na mstari mweupe wa chaki ya kiwandani,
umenyooka, umeanzia kwenye nati ukaishia kwenye rimu.
Nati ikisogea hata unywele,
mstari utavunjika, nami nitaona.

Nilienda kazini taratibu.
Nilisimama mara mbili, nikainama, nikaangalia.
Ilikuwa mistari ishirini.
Ule wa stadi mpya alikuwa ameuchora mara mbili.