Athari

Fomu ya chuo ina kisanduku kimoja, kidogo kama stempu:
Eleza athari ya teknolojia darasani.
Nimekaa nacho tangu Isha.
Kalamu haitaki. Chai ya maziwa imeota ngozi.

Mudhairib, wiki yangu ya tatu ya mazoezi.
Darasa la tatu B, wasichana ishirini na wanane,
kiyoyozi kinachokohoa,
na ubao wa mguso ulioletwa Septemba,
bado una nailoni pembeni
kwa sababu Abla Ghaniya hataki uchakae.

Jumapili nilikuja na somo langu la falaji,
slaidi kumi na tisa, maji yanatembea,
mshale unamulika kila yanapopinda.
Mshale ule ulinikesha.
Nikabonyeza. Ubao ukaniomba nenosiri.
Nikalitia. Ukasema unajisasisha,
asilimia nne.
Asilimia nne.
Wasichana wakawa wanaisoma pamoja nami, kwa upole,
kama watu waliokwenda kumtazama mgonjwa.

Nikatoka nao uani.
Nikachomeka mpini wa ufagio mchangani,
nikawaambia: hivi ndivyo mashamba yalivyogawana maji,
kivuli kikifika jiwe hili, ni zamu ya jirani.
Fungu moja la wakati huo huitwa athar,
nusu saa, au karibu yake.
Nikacheka peke yangu, kwani nyumbani kwetu,
katika Kiswahili alichokuja nacho bibi kutoka Wete,
athari ni kile kinachobaki jambo likishapita.
Hawakujua nacheka nini.
Shinuna akauliza: Abla, na siku ya mawingu?
Sikuwa na jibu. Tukatazama juu sote,
na mbingu ya Mudhairib, kama kawaida yake,
haikuwa na hata kipande cha kutusaidia.

Ningependa niishie hapo,
ufagio ushinde, ubao uaibike,
msimamizi aandike: ubunifu.
Aliandika: dakika kumi na moja zimepotea.

Tena yupo Azza, dawati la nyuma, karibu na dirisha,
ambaye maneno humkwama kooni kama mwiba wa changu.
Tangu darasa la kwanza hajasoma kwa sauti.
Wenzake wamezoea kumruka, bila ubaya,
kama unavyoruka kipandio kibovu cha ngazi ya kwenu.
Jumatano nilimpa kishikwambi aende nacho nyumbani.
Saa nne za usiku simu yangu ikalia:
sauti, dakika tatu na ushei.
Jina la faili: kumi na saba.
Nikaelewa kwamba kuna kumi na sita nyingine
ambazo sitazisikia.

Nyuma yake mashine ya kufulia, mtoto mdogo, mlango.
Mbele yake Azza, chini ya blanketi nadhani,
anasoma kisa cha punda na kisima,
Kiarabu cha kitabuni, herufi kwa herufi,
anakwama, anangoja, anaendelea,
na hakuna kichwa hata kimoja kilichogeuka.
Kioo hakina macho. Hiyo ndiyo rehema yake.
Alipomaliza alinyamaza kidogo,
kisha kwa sauti nyingine, ya kunong'ona, bila kukwama:
Abla, umesikia?
Hilo hakukiuliza kishikwambi.

Nimesikia. Nimesikia mara nne,
ya mwisho jikoni, na mama akaacha kukatakata vitunguu
akauliza ni nani huyo anayesoma vizuri.

Sasa kisanduku.
Nimeandika: inategemea mawingu. Nimefuta.
Nimeandika: ni chombo tu, kama vilivyo vyombo vingine.
Nimefuta, kwani mpini wa ufagio
haujawahi kumngoja mtoto mara kumi na saba.
Nimeandika: Azza amesoma.
Herufi ya mwisho imetoka nje ya mstari. Naiacha.

Kesho kipindi cha kwanza ni changu,
dakika arobaini na tano,
athar moja na nusu ya maji.
Ufagio nimeutia garini.
Chaja pia.