Tume ya Mizani

Jina lilitushinda kwa saa nzima.
Kamati tulikuwa nazo tele: ya maji, iliyokauka kabla ya mfereji,
ya barabara, ya harusi, ya mazishi.
Gathirwa akasema tuite tume, ni neno lenye tai shingoni;
barua ikifika Nakuru, karani hataifungia mandazi.

Bosibori, kucha zingali na udongo wa viazi, akauliza:
tume ni watu waliotumwa. Sisi katutuma nani?
Tukatazamana. Ukungu wa Molo ukaingia joshoni bila kubisha.
Mimi katibu, mwenye kalamu moja na daftari la hesabu la mwanangu,
niliandika neno hilo juu ya ukurasa mpya
nikaliona halijaisha, linangoja mkia:
tumepunjwa.
tumenyamaza.
tumelima miaka mingi ua kwa ua
bila kuazimana hata jembe.
Hilo la mwisho sikulisoma kwa sauti.

Ajenda ilikuwa moja: gunia lenye kilemba.
Gunia la dalali likijaa haliambiwi limejaa;
hushonewa wavu kichwani, viazi vikapanda, vikapanda,
hadi mtu mzima akisimama kando yake
anaonekana mtoto wake.
Dalali hulipia gunia. Kilemba huenda bure.
"Nyinyi ndio wakulima wa kweli wa mlima huu," hutuambia
akiwasha lori.
Hivyo kila msimu tunabaki na kilemba cha ukoka,
naye anateremka na cha viazi.

Tabutany hakuwa amesema kitu tangu asubuhi.
Alikuja amekumbatia shuka, tukadhani ni baridi.
Akaifungua: mizani ya chuma, ya kuning'inizwa,
ndoano imeanza kuliwa na kutu,
mali ya marehemu mumewe, aliyepimia pareto
enzi pareto ilipolipa karo.
"Sikuiuza," alisema. "Usiku ule wa kukimbia
niliacha kuku, nikaacha sufuria motoni. Hii niliibeba."
Hakuna aliyeuliza usiku upi.
Gathirwa alitazama viatu vyake, muda mrefu.
Kisha akainuka, akatafuta boriti ya josho isiyooza,
akafunga kamba,
akalijaribu fundo kwa uzito wake mwenyewe,
miguu hewani, kofia chini.

Shuleni nilifundishwa mizani nyingine:
kuhesabu silabi kwa vidole, nane huku, nane kule,
ubeti usipotimia unachapwa wewe.
Labda ndiyo maana gunia la kwanza lilipopanda ndoanoni
mkono wangu uliandika wenyewe, katikati ya kumbukumbu rasmi:

Lete gunia tupime, lisimame sawasawa,
Kilemba sasa kikome, wavu usije shonewa,
Wote wake kwa waume, jasho lao lapimiwa,
Kilo hamsini, si

Mshale ukakwama kwenye thelathini na nane.
Tukaugonga. Ukaruka sitini, ukarudi arobaini,
Bosibori akacheka mpaka akashika ukuta,
na Tabutany, ambaye sijawahi kuyaona meno yake,
akacheka pia.

Tukaazimia: mafuta ya cherehani, chupa moja, shilingi themanini.
Tukaazimia: hakuna atakayeuza kabla gunia lake halijapanda boriti,
hata karo ikimbana, hata mgonjwa akiwa kitandani;
tume itamkopesha.
(Tume ina shilingi elfu moja mia nne. Niliandika hivyo hivyo.)
Azimio la tatu lilichelewa, kila mtu akimngoja mwenzake alitamke.
Mizani isiwe na kwao.
Wiki hii ilale ng'ambo hii ya mto, wiki ijayo ng'ambo ile,
na anayeilaza aisindikize mwenyewe, kwa miguu,
mpaka mlangoni kwa jirani,
apewe chai.

Honi ikalia barabarani. Hakuna aliyeinuka.
Ikalia tena, ndefu.
Dalali akaja kwa miguu, akikwepa tope,
akachungulia joshoni, akatuhesabu,
akauliza, mkubwa hapa ni nani?

Tukamwonyesha boriti.