Ulindi na Uwimbombo

Sudbury, Oktoba, wiki ya pili.
Basi la chuo limetushusha nyuma ya kilima cheusi
kilichounguzwa na moshi wa nikeli kabla hatujazaliwa.
Sasa mibetula imerudi, myembamba, ngozi yao karatasi.

Tuko tisa. Somo letu lina namba ndefu kuliko jina.
Profesa Trethewey amebeba saa, majedwali,
na penseli, maana wino huganda.

Bi Noreen Kaboni hakubeba kitu
ila kisu, ubao wa mwerezi, na tumbaku mfukoni.
Aliiweka tumbaku shinani kabla hajagusa gome.
Mmoja wetu akauliza: tuandike gramu ngapi?
Akamtazama kama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

Kisha akasema: kwenu, vifaa hivi vyaitwaje?
Wenzangu wakakuna vichwa. Mimi nikajibu upesi,
kidole juu, mwanafunzi wa mstari wa mbele:
kijiti kinachozunguka ni ulindi,
ubao unaokilalia chini ni uwimbombo,
na tendo lenyewe ni kupekecha.

Majina mazuri, akasema.
Haya, pekecha.

Hapo ndipo nilipoumbuka.
Ulindi niliuokota kwenye kamusi, maktaba, ghorofa ya tatu;
umekaa baada ya ulimwengu, kabla ya ulingo.
Bibi yangu Somoe hakujua kusoma kamusi.
Mwaka ule viberiti vilipoadimika
nusu ya Liwale ilibisha kwake alfajiri
na vigae mkononi, kuomba kaa.
Baba yangu, mwanawe, alinunua jiko la gesi.
Moto huzaa majivu.

Nikapekecha.
Viganja vikaota malengelenge, yakapasuka.
Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto.
Kwangu moshi ulifuka, ukatutazama, ukaenda zake.

Profesa akaandika: mshiriki wa saba,
dakika kumi na nne, hakufaulu.

Bi Noreen akaizima ile mashine ya kurekodi.
Akanishika viwiko, akavishusha kidogo,
akaninong'oneza jambo ambalo
sitaliandika hapa.

Jioni, bwenini, fomu ya marejeo ikanidai chanzo.
Nikaandika: Somoe Mkwinda.
Ikadai mchapishaji. Nikaandika: Liwale, mlango wa nyuma.
Ikadai mwaka wa kuchapishwa, kwa nyota nyekundu, lazima.
Kidole kilikuwa kinauma.
Nikaandika mwaka ule wa viberiti.